Mwanangu alipigwa kituoni, nikatuma pesa ili aachiliwe: je, kushtaki kuna maana yoyote?

"Wakili, mwanangu ana miaka 20, anaendesha boda boda hapa Mombasa. Ijumaa ya wiki juzi, saa moja jioni, polisi walifanya msako stejini wakachukua vijana kadhaa. Hakuambiwa kosa lake. Usiku alipigwa rungu mgongoni na mapajani, na mkono wa kushoto hadi leo haunyanyuki vizuri. Jumapili mchana niliambiwa nitume shilingi 8,000 kwa namba fulani ya M-Pesa. Nikatuma, akatoka. Hakupelekwa kortini wala sidhani aliandikishwa popote. Zahanati ilimpa dawa za maumivu. Kumweka zaidi ya saa 24 si kuvunja sheria? Nataka haki, lakini majirani wananiambia hakuna polisi aliyewahi kufungwa kwa ajili ya raia, na kwamba kushtaki ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Wengine wanasema nitashikwa mimi kwa kutoa hongo. Naogopa pia mwanangu atarudiwa. Tangu nikiwa msichana nasikia 'mageuzi ya polisi'. Kweli kuna kilichobadilika? Nifanye nini?"

Mama, pole sana, na umpe kijana pole zangu. Umeuliza mambo mengi na nitayajibu yote, lakini la kwanza si la sheria. Ni ule mkono usionyanyuka.

Dawa za maumivu si uchunguzi. Mpeleke hospitali kubwa leo, apigwe picha ya mkono na bega, apimwe mkojo na damu. Rungu likipiga mapaja na mgongo mara nyingi huponda misuli, na misuli iliyopondwa humwaga kwenye damu vitu ambavyo figo hushindwa kuvichuja. Mtu anaweza kutoka kituoni akitembea kwa miguu yake na figo zikaharibika siku zinazofuata. Mkojo wake ukiwa umebadilika kuwa wa kahawia iliyokolea, au umepungua, au akiwa anatapika na kichwa kinamuuma bila kupoa, usimalize kusoma barua hii. Nendeni sasa.

Na mbele ya daktari aseme lililompata: alipigwa rungu na polisi akiwa kizuizini, usiku wa Ijumaa ile. Vijana wengi wa boda boda husema "nilianguka na pikipiki", wengine kwa woga, wengine kwa kudhani wakitaja polisi hawatahudumiwa. Kisha siku ya kesi wakili wa upande wa pili anaitoa kadi ile ya hospitali na kuisoma mbele ya hakimu, na hapo kesi imekwisha. Mwambie daktari aandike maneno ya kijana kama alivyoyasema, na aandike kila jeraha lilipo, ukubwa wake na rangi yake. Michubuko ya rungu hufifia upesi, kwa hiyo mpige picha kwa simu leo hii, moja ikionyesha uso wake pamoja na jeraha ili asije mtu akasema ni mgongo wa mwingine.

Nimeanza na hili kwa sababu ndilo jibu la swali lako kubwa pia. Katika kesi hizi anayeshinda ni mwenye rekodi, na rekodi yenye nguvu ni ile ambayo haikuandikwa na polisi. Utaona nikirudi hapo tena na tena, kwa kuwa historia nzima ya mageuzi unayoyasikia tangu usichana wako inazunguka jambo hilo: nani anaandika, na nani anachunguza, pale anayelalamikiwa ni askari.

Sasa tuzisafishe dhana chache. Saa 24 kwanza, kwa sababu hapa sheria haiko wazi upande wako kama unavyodhani. Ibara ya 49 ya Katiba yetu ya 2010 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, si zaidi ya saa 24. Lakini inaongeza kwamba saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, basi mwisho ni siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa saa moja jioni, saa zake 24 zinaisha Jumamosi usiku, na mahakama inafunguliwa Jumatatu. Kwa hesabu hiyo, kulala kituoni hadi Jumapili peke yake si lazima kuwe kosa. Ndiyo maana ya ile kamatakamata ya Ijumaa ambayo kila kijana wa mjini anaijua.

Walichovunja ni kingine, na ni kizito zaidi. Ibara hiyo hiyo inampa haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini anakamatwa. Hakuambiwa. Ana haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao, na ya kupewa dhamana kwa masharti ya haki isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumzuia. Ibara ya 29 inakataza kumfanyia ukatili wa aina yoyote, na Ibara ya 25 inaiweka haki ya kutoteswa miongoni mwa zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote ile, hata nchi ikiwa vitani. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamfunga hadi miaka 25 askari anayetesa. Na Jedwali la Sita la sheria hiyo linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria, na kwamba askari aliyevaa sare lazima jina au namba yake ya kazi ionekane. Muulize kijana kama alisoma jina au namba yoyote, hata nusu yake.

Halafu hili la "hakuandikishwa popote". Wewe hulijui, na hupaswi kulidhani. Kila anayeingizwa seli anatakiwa kuandikwa katika kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB. Kama jina lake limo, tutapata saa, sababu waliyoandika na askari waliokuwa zamu. Kama halimo, basi aliwekwa kizuizini bila kuwepo kwenye karatasi, na hilo ni baya zaidi kwao kuliko kwake. Wakili anaweza kuandika barua ya kuomba nakala akitegemea Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayowapa siku 21 kujibu. Usiende wewe mwenyewe kaunta ya kituo kile kuuliza. Ukienda, utakuwa umewapa taarifa na muda wa kujipanga.

Majirani wanaosema hakuna polisi aliyewahi kufungwa wanakosea, na mfano wa kwanza uko hapa hapa Pwani. Agosti 2014 msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, alipigwa risasi na polisi nyumbani huko Kinango, Kaunti ya Kwale. Askari walisema aliwavamia kwa panga. Uchunguzi ulifanywa na chombo cha nje ya polisi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani askari wawili kwa kuua bila kukusudia, ikawafunga miaka saba. Ilikuwa hukumu ya kwanza kupatikana kutokana na kazi ya IPOA, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi.

Mfano wa pili ni mgumu kuusimulia, lakini sitakuficha kwa sababu unahusu hofu yako. Mwaka 2015 kijana wa boda boda, Josephat Mwenda, alipigwa risasi na askari, akalalamika IPOA. Akafunguliwa mashtaka ya kubandikwa. Juni 2016, wakitoka mahakamani Mavoko, yeye na wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa, wakauawa, miili ikatupwa mtoni. Kesi ilikaa miaka sita. Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani askari watatu na mtoa habari wao wa kiraia, na Februari 2023 askari mkuu katika njama ile alihukumiwa kifo, wenzake miaka 30, 24 na 20. Kilichowafunga ni rekodi: data za simu zilizoonyesha nani alikuwa wapi, na kipande cha karatasi ya chooni ambacho Kimani alikiandikia ujumbe na kukirusha nje ya kontena walimofungiwa. Kwa hiyo majirani zako hawana haki kusema haiwezekani. Wana haki kusema ina hatari na ni nadra: malalamiko ni maelfu kila mwaka, hukumu ni chache mno.

Je, kuna kilichobadilika? Ili nikujibu kwa uaminifu lazima nirudi nyuma kidogo.

Polisi wetu hawakuanza kama walinzi wa raia. Mwishoni mwa karne ya 19 Kampuni ya Kiingereza iliyoshika Afrika Mashariki iliweka askari hapa Mombasa kulinda maghala na misafara yake. Ilipojengwa reli kuanzia 1896, wakaongezwa wa kulinda reli. Mwaka 1906 jeshi likapewa sheria yake, na 1920 koloni lilipopewa jina la Kenya nalo likaitwa la Kenya. Pembeni yake, kuanzia sheria ya machifu ya 1902, kulikua kikosi kingine cha kuwasaidia machifu kukusanya kodi ya kibanda na kuwakamata wasio na kipande, ambacho baadaye kikawa Polisi wa Utawala. Askari hao walipimwa kwa kodi iliyoingia na utulivu wa wenyeji. Hakuna aliyewauliza wenyeji wenyewe kama wako salama. Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku, mtetezi wa wafanyakazi Waafrika, aachiliwe walimiminiwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akafia pale. Miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, wakoloni wakipambana na Mau Mau, mateso yakawa kazi ya kila siku kambini. Uingereza ilikuja kukiri na kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228, lakini hiyo ilikuwa 2013, waathiriwa wengine wengi wakiwa wamekwisha kufa.

Uhuru ulibadilisha bendera na makamishna. Muundo ulibaki: kikosi kinachomtazama aliye juu, mkuu wake akiwekwa na kuondolewa na Rais peke yake. Matokeo yake tuliyaona vyumba vya chini ya Jumba la Nyayo, Nairobi, miaka ya 1980, watu wakimwagiwa maji gizani mpaka wakubali makosa ambayo hawakuyafanya.

Hapo nataka ukae kidogo nami, kwa sababu kuna badiliko moja dogo ambalo watu hawalitaji na mimi naliona kuwa miongoni mwa makubwa. Kwa miaka mingi ungamo mbele ya polisi lilikuwa ushahidi wa kutosha kumfunga mtu. Ukiwa askari huna gari, huna maabara, huna muda, na mkubwa wako anataka kesi ifungwe, njia ya mkato ni kumpiga mtu hadi aseme. Mwaka 2003 sheria ya ushahidi ilibadilishwa, maungamo kwa polisi yakaondolewa nguvu mahakamani. Miaka michache baadaye mlango ukafunguliwa tena nusu, kwa maafisa wa cheo fulani na kwa masharti. Lakini jambo lilikuwa limeeleweka: ukiondoa faida ya kipigo, kipigo hupungua. Sio mahubiri wala semina za haki za binadamu zilizofanya hivyo.

Kisha ikaja 2007 na 2008. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi, na 405 kati yao walikufa kwa risasi, nyingi zikihusishwa na polisi. Polisi walijichunguza wenyewe, na unaweza kukisia walichokipata. Mwaka 2009 jopo la Jaji Philip Ransley likatoa mapendekezo zaidi ya 200. Kutoka hapo ndipo tulipopata Katiba ya 2010 inayokataza mtu yeyote kumwamuru Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi, amchunguze au asimchunguze nani, Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya kuajiri na kuadhibu, na IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 na kuanza kazi 2012. Kabla yake hapakuwa na chombo huru kilichoundwa kwa sheria mahsusi kwa ajili ya kuchunguza polisi, ambacho mama kama wewe angekigongea mlango bila kumkuta askari nyuma yake. Hilo limebadilika, mama, na watu walikufa ili libadilike.

Yapo yaliyorudi nyuma. Mwisho wa 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, Bunge lilimrudishia Rais nguvu kubwa katika kumteua Inspekta Jenerali. Mwaka 2023 jopo la aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga lilieleza kwa kina hali ya kazi ya askari: mishahara, makazi, vyeo, mazingira duni. Nayaheshimu mapendekezo yale, kwa sababu askari anayelala chumba kimoja na familia ya mwenzake, pazia katikati, hawezi kutarajiwa kuamka na subira. Lakini umaskini wa askari hauelezi kila kitu. Juni 2024 vijana waliokuwa barabarani kupinga mswada wa fedha walipigwa risasi za moto mchana mbele ya kamera. Juni 2025 Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi Nairobi, tukaambiwa alijigonga ukutani. Wapasuaji wa maiti walipoandika kwamba majeraha yale hayafanani na ya mtu aliyejigonga, ndipo simulizi ilipobadilika na watu, polisi wakiwemo, wakashtakiwa kwa mauaji. Bila karatasi ya madaktari wale tungebaki na ukuta.

Na wewe kilichokupata kina utaratibu wake. Wakati Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilipowapiga msasa maafisa wa trafiki, kuanzia 2015 hivi, ilidai taarifa zao za M-Pesa. Zikaonekana pesa zikipanda kutoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa, wiki baada ya wiki. Uangalie msako wa Ijumaa kwa jicho hilo. Kijana anakamatwa jioni, mahakama imefungwa hadi Jumatatu, haambiwi kosa kwa sababu hakuna kosa, pengine haandikwi ili asipatikane, anapigwa ili ndugu zake wasikie sauti yake kwenye simu ikitetemeka. Kila saa inayopita bei inaiva. Jumapili unaambiwa namba ya kutuma. Mwanao hakupigwa kwa sababu ya hasira ya mtu mmoja tu. Kipigo kile kilikuwa sehemu ya kudai malipo, na namba ile ya M-Pesa ni ushahidi mzuri kuliko wote ulio nao.

Kwa hiyo tuizungumzie ile 8,000. Dhamana ya polisi haina ada. Polisi wakichukua pesa za dhamana lazima watoe risiti ya serikali, na pesa hizo hurudishwa. Ulichotuma hakikuwa dhamana. Ni kweli Sheria ya Hongo ya 2016 inamgusa mtoaji kama mpokeaji, na sitakuambia hilo halipo. Lakini pesa iliyotolewa na mzazi ambaye mtoto wake anapigwa seli ni pesa ya kunyang'anywa, na hivyo ndivyo ielezwe, wazi, tangu maelezo ya kwanza, baada ya kukaa na wakili. Kosa kubwa ni kuificha. Ukiificha na ikatokea katikati ya kesi, utaonekana mwongo hata kwa yale ya kweli. Usifute ujumbe ule. Andika jina lililotokea ulipotuma, na uombe taarifa ya akaunti yako ya siku ile. Usiipigie namba ile, wala usidai urudishiwe.

Sasa njia zilizopo. Mimi ningeanza na IPOA. Ni bure, wana ofisi Mombasa, na namba yao ya bila malipo ni 1559. Si lazima upitie kituo kile. Watakupa namba ya lalamiko, itunze. Elewa mipaka yao: hawafungi wala hawafukuzi mtu kazi. Wanachunguza, kisha faili inakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aamue kushtaki, au kwa wakubwa wa polisi kwa nidhamu. Itachukua muda mrefu, pengine miaka. Kuna pia kitengo cha ndani cha polisi cha kupokea malalamiko. Kwa suala la pesa kinaweza kwenda haraka, ila ni polisi wanaochunguza polisi, na kwa kipigo nisingekitegemea peke yake.

Fomu ya P3, ile ambayo daktari huandika majeraha kwa ajili ya kesi, ni bure na hutolewa na polisi, jambo ambalo katika kesi kama yako ni kikwazo cha wazi. Si lazima itoke kituo kilichompiga. Inaweza kutoka kituo kingine, na IPOA husaidia pale mnapokataliwa. Hospitali haina haki ya kukataa kumtibu kwa kukosa P3.

Njia nyingine ni fidia. Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya serikali ina kikomo cha miezi 12, na wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Ombi la kikatiba Mahakama Kuu halina kikomo kikali hivyo. Waathiriwa wa Nyayo walishinda baada ya zaidi ya miaka 20, na Ibara ya 22 inasema kulifungua hakutozwi ada. Hapo hutalazimika kuthibitisha kwa kiwango cha kesi ya jinai. Lakini ujue kwamba kushinda si kulipwa: mali ya serikali haikamatwi kwa deni la hukumu, na kuna wazee wenye hukumu mkononi ambao bado wanazunguka ofisini wakidai. Njia ya IPOA na hii ya fidia zinaweza kwenda pamoja.

Na ipo ya kunyamaza. Sitakulaumu ukiichagua. Ila nakuomba hata ukiichagua, ukusanye kila kitu kwanza: karatasi za hospitali, picha, ujumbe wa M-Pesa, na maelezo ya kijana akiyasema mwenyewe, tarehe na sahihi. Wale wenzake waliokamatwa naye waandike pia, kila mmoja peke yake, bila kufundishana maneno. Vijana watano wanaosema jambo moja kwa maneno matano tofauti wanaaminika. Nakala ziweke kwa jamaa anayeishi mbali. Usiweke chochote Facebook wala TikTok kabla ya kuongea na wakili.

Kuhusu hofu ya kurudiwa, baada ya Mwenda na Kimani siwezi kukuambia uondoe shaka. Kinachopunguza hatari ni kutokuwa peke yenu. Lalamiko likiwasilishwa na shirika, au na vijana wengi kwa pamoja, hakuna mmoja wa kunyamazishwa ili faili ife. Hapa Mombasa mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa yamezoea kesi hizi. IMLU, shirika linalosaidia waathiriwa wa mateso, wana madaktari wanaojua kuandika ripoti ya mateso inayosimama mahakamani. Ipo Mamlaka ya Kulinda Mashahidi, ambayo unaweza kuombewa kupitia IPOA au ofisi ya mashtaka. Kwa miezi hii kijana abadilishe steji kama anaweza, asiendeshe usiku sana, na leseni, bima na kofia viwe sawa daima, asiwape sababu ya bure.

Barua kama hii haitoshi pale ambapo mambo yamepita ushauri. Akiwa halali, anashtuka akisikia pikipiki, hataki kula au anazungumza juu ya kufa, anahitaji mshauri wa kisaikolojia ana kwa ana, na mashirika niliyoyataja yatakuelekeza. Mkiona watu wasiovaa sare wakiuliza habari zake mtaani, au akifunguliwa mashtaka ghafla kwa kosa la siku zile zile, nendeni kwa wakili siku hiyo hiyo. Kama huna uwezo wa kumlipa, Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria ipo kwa ajili hiyo. Na akipigiwa simu aje kituoni "kusaini tu", asiende. Aulize jina la anayepiga, cheo chake na kituo, akupe wewe, nawe umpe wakili kwa ujumbe wa maandishi wenye saa. Ataenda pamoja na wakili, mchana, siku ya kazi, na si siku ya Ijumaa.